Tuzo ya Kikristo na jani la isale

Hotuba hii niliitoa Moshi, mbele ya wapiga picha za video, wanakwaya, makatekista na vijana wa makanisa mbalimbali. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu mlioko hapo mbele, shikamooni. Na ninyi mama zangu mliovumilia viti hivi vya plastiki tangu saa tisa mkisubiri umeme urudi, asanteni sana.

Nimetoa salamu zote mbili kwa kuwa zote ni zangu. Baba yangu ni Mlutheri wa Machame, mama yangu ni Mkatoliki wa Kibosho. Jumapili tulikuwa tunatoka kwa mlango mmoja, tukifika njia panda huyu anashika kulia, yule kushoto, na mchana tunakutana kwenye sahani moja ya ndizi. Kwa hiyo mtu akiniambia neno "kiekumene", yaani la umoja wa makanisa, mimi naikumbuka ile njia panda na ile sahani.

Nimeombwa niseme juu ya tuzo za Kikristo zinazotolewa kwenye matamasha makubwa ya filamu duniani. Nafahamu wengi wenu mmekuja mkitarajia kusikia habari za filamu za Yesu, za mitume na za wamisionari. Hata mimi ningetarajia hivyo. Nimekua nikitazama filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani kwa kanisa, jenereta likinguruma nyuma ya migomba, na Yesu akiongea Kiswahili. Kwa watoto wa rika langu sinema ya kwanza ilikuwa hiyo, na ilitutoa machozi kweli. Siisemi vibaya hata kidogo.

Lakini kuna jambo nilichelewa sana kulielewa, na kama lingenifikia mapema lingeniepusha na kosa nitakalowasimulia baadaye. Tuzo ya Kikristo kwenye matamasha hayo hutolewa na Wakristo. Filamu yenyewe haidaiwi iwe ya Kikristo. Inadaiwa iwe nzuri, na iwe imesema kweli kuhusu binadamu.

Tuanzie Cannes, Ufaransa, kila mwezi wa Mei. Palme d'Or, ile tuzo kubwa mnayoiona kwenye taarifa ya habari, inatolewa na jopo kuu la tamasha. Pembeni yake yapo majopo yanayojitegemea, likiwemo la wakosoaji wa filamu, na tangu mwaka 1974 lipo pia Jopo la Kiekumene. Ni watu wachache, kwa kawaida sita, kila mmoja na nchi yake: mwandishi wa habari, mwanateolojia, mwalimu wa sinema, mchungaji, mlei wa kawaida anayejua kutazama. Wakatoliki wanapitia shirika lao la SIGNIS, Waprotestanti wanapitia INTERFILM. Wanazitazama filamu zile zile za shindano ambazo jopo kuu linazitazama, mbili au tatu kwa siku, siku baada ya siku, halafu wanafunga mlango na kubishana. Wanachotoa mwishoni ni cheti. Kule kwenye tamasha la Berlin, Ujerumani, filamu wanazozichagua kwenye vitengo vya Panorama na Forum hupata euro 2,500 kila moja, huku kutoka kwa maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani, huku kutoka kwa Kanisa la Kiinjili. Ile ya shindano kuu haina hata senti. Watu wazima wanasafiri nusu ya dunia kwenda kutoa karatasi, na waongozaji wakubwa wanaipokea kwa mikono miwili.

Kwa nini wanaipokea hivyo? Kwa sababu jopo hili limejijengea heshima kwa kigezo chake cha kwanza, nacho ni ubora wa sanaa. Naomba tukae hapo kidogo. Kwanza filamu iwe imetengenezwa vizuri: picha, sauti, uigizaji, hadithi. Baada ya hapo ndipo wanauliza kama imemwonyesha mtu kwa kina, majeraha yake, udhaifu wake na tumaini lake; kama imeheshimu utamaduni wa watu inaowaonyesha; kama inaweza kumgusa mtu wa mbali. Sisi huku tumezoea kuupindua mpangilio huo. Sauti ikiwa mbovu tunasema "ujumbe umefika". Ndugu zangu, ujumbe haufiki kwa sauti mbovu. Nimehariri sauti mbovu miaka kumi na moja, najua ninachokisema.

Sasa tazameni walichokichagua mwaka ule wa kwanza, 1974. Filamu ya mwongozaji Mjerumani, Rainer Werner Fassbinder, kuhusu mjane wa makamo anayefanya usafi kwenye majumba ya watu, akampenda kijana mhamiaji kutoka Moroko. Watoto wake wanamtenga, majirani wanamsengenya, mwenye duka anakataa kumhudumia. Hakuna mahubiri ndani yake. Kuna mwanamke aliyezeeka, kuna mgeni, na kuna mtaa mzima uliojaa watu wenye heshima zao wasiojua kupenda.

Miaka 40 baadaye, mwaka 2014, jopo hilo hilo likaipa tuzo filamu ya "Timbuktu" ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania. Mwafrika mwenzetu, tena kutoka nchi ya Kiislamu. Inaonyesha mji wa Mali uliovamiwa na watu wenye bunduki wanaojiita watetezi wa dini. Wamepiga marufuku muziki, wamepiga marufuku mpira, wanamlazimisha muuza samaki kuvaa glavu. Na kuna imamu mzee. Wale wenye bunduki wanaingia msikitini na silaha zao, na yeye, kwa sauti ya chini kabisa, anawaambia kwamba humu watu wanasali, tokeni. Mkristo aliyekaa kwenye jopo lile alimwona imamu yule akaona mtu wa Mungu.

Filamu hii tuliionyesha hapa hapa kwenye ukumbi huu. Ndani yake wanaongea Kiarabu, Kifaransa, Kitamasheki, Kibambara. Nilishika maikrofoni nikatafsiri kama wanavyofanya madijei wetu kwenye vibanda umiza, ila mimi niliongea polepole na sikuongeza chumvi. Ilipofika sehemu ya mpira nikanyamaza, maana haina maneno. Mpira umekatazwa. Vijana wamejipanga uwanjani na jezi zao, vumbi linatimka, wanakimbia, wanapeana pasi, wanapiga shuti, golikipa anaruka. Mpira haupo. Wanacheza na hewa. Punda anakatiza uwanjani, wanamwachia apite, wanaendelea. Bunduki zinapokaribia kwenye pikipiki, wote wanageuza mchezo ukawa mazoezi ya viungo, wananyoosha mikono kama watoto wa shule. Bunduki zikipita, mpira unaendelea.

Hapo kwenye safu ya tatu alikaa kijana anayeendesha kifodi, ile daladala ndogo, cha kwenda Pasua. Aliinuka kwenye kiti. Pasi ilipopigwa upande wa kushoto aligeuza kichwa kushoto, na golikipa alipoikosa akashika kichwa kwa mikono miwili. Na mpira haupo! Nilimtazama yule kijana kuliko nilivyoitazama filamu. Nimesikia mahubiri mengi mazuri juu ya imani kuwa ni bayana ya mambo yasiyoonekana. Siku ile niliiona kwa macho, kwenye shingo ya dereva wa kifodi.

Sasa najua kuna mtu hapa moyoni anasema, haya mama, Injili iko wapi? Swali ni halali na nitalijibu kwa Injili yenyewe. Bwana wetu alipotaka kuwaeleza watu Ufalme wa Mungu, alisema habari za nani? Mwanamke aliyepoteza shilingi moja kati ya kumi, akawasha taa akafagia nyumba. Kijana aliyekula urithi wa baba yake akaishia kulisha nguruwe. Msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi, na kuhani akapita kando, na Mlawi akapita kando. Aliyemfunga majeraha ni Msamaria, mtu wa dini isiyokubalika. Mkisoma Luka sura ya 10 kama watu wa filamu, mtaona kwamba Yesu alimpa mgeni nafasi ya mwigizaji mkuu na watu wa kanisa akawapa nafasi ya wapita njia. Jopo lililompa tuzo imamu wa Timbuktu halikuvumbua kitu kipya.

Historia ya majopo haya nitaipitia haraka. Wakatoliki waliunda shirika lao la kimataifa la sinema mwaka 1928, kule The Hague, na mwaka 1947 wakaanza kuwa na jopo lao kwenye tamasha la Brussels. INTERFILM ikaundwa Paris mwaka 1955. Kila kanisa lilitoa tuzo zake peke yake, kama nyumbani kwetu baada ya njia panda, mpaka mwaka 1973 kule Locarno, Uswisi, walipokaa kwenye jopo moja. Cannes ikafuata mwaka uliofuata, Berlin ikafuata 1992. Mwaka 2001 lile shirika la Wakatoliki liliungana na wenzao wa redio na televisheni, jina likawa SIGNIS.

Lakini mwaka 1964 siwezi kuupitia haraka. Kwenye tamasha la Venice alikuwapo Pier Paolo Pasolini, Mwitalia, mkomunisti, mtu aliyesema wazi kwamba haamini. Alikuwa ametengeneza filamu ya Yesu kwa kufuata Injili ya Mathayo, maneno ya Mathayo yenyewe, na waigizaji wake wengi walikuwa watu wa kawaida kabisa. Yesu wake alikuwa mwanafunzi Mhispania ambaye hakuwa mwigizaji. Bikira Maria wa uzeeni, anayelia chini ya msalaba, aliigizwa na mama yake mzazi Pasolini. Na filamu nzima aliitolea kwa kumbukumbu ya Papa Yohane wa 23. Jopo la Wakatoliki lilikuwa na kila sababu ya kumpita kando kama yule Mlawi. Likampa tuzo. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 za kukumbukwa, na hiyo imo.

Walipata shida pia, sitawaficha. Mwaka 1968 jopo hilo la Wakatoliki lilimpa Pasolini tuzo tena kwa filamu nyingine, na mtafaruku ukawa mkubwa hata Papa mwenyewe akaonyesha kutoridhishwa. Na mwaka 2009 Jopo la Kiekumene la Cannes lilifanya kitu ambacho mimi nakiona ni kosa: lilitoa tuzo ya kukemea, tuzo ya kinyume, kwa filamu ya "Antichrist" ya Lars von Trier, kwa jinsi ilivyowaonyesha wanawake. Mkuu wa tamasha alikasirika waziwazi. Filamu ile sijaipenda, na hasira yao naielewa, lakini kazi ya jopo hili ni kunyoosha kidole na kusema "tazameni pale". Wa kukemea sinema hawajawahi kutupungukia. Wa kumshika mtu mkono na kumwonyesha ndio hatuna.

Nipeni nafasi niwaambie juu ya "Perfect Days", iliyopewa tuzo hii Cannes mwaka 2023. Mwongozaji ni Wim Wenders, Mjerumani aliyewahi kuipata mwaka 1984 pia. Mhusika ni mzee anayesafisha vyoo vya umma Tokyo. Basi. Anaamka, anakunja godoro, anamwagilia miche yake, anakwenda kazini, anasugua vyoo. Ana kioo kidogo cha mkononi. Akishamaliza kusugua anakipitisha chini ya ukingo wa sinki la choo, pale ambapo jicho la mtu halifiki, aone kama kuna uchafu umebaki.

Baada ya kuitazama nilienda stendi kuu hapa mjini. Mnamjua mama anayekusanya hela mlangoni pa choo, mwenye kitenge kiunoni na ndoo ya bluu. Nimempa sarafu miaka yote hiyo bila kumtazama usoni. Siku ile nilimtazama. Ana kitambaa cha pekee kwa ajili ya kitasa cha mlango. Mtu akitoka, anafuta kitasa, anakirudisha kitambaa begani. Nilikaa pale nusu saa nikihesabu, hakuruka hata mtu mmoja. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, mkono wa mtu ndio unakwenda mdomoni." Filamu hiyo ipo stendi. Inasubiri mwenye kamera.

Na tukiwa Moshi na Arusha hatuna sababu ya kusema mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka 2012 kule Berlin, tuzo ya kiekumene na Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha lile, vilikwenda kwa filamu moja ya ndugu wawili Waitalia, Paolo na Vittorio Taviani. Waliingia gereza la Rebibbia, Roma, wakawapiga picha wafungwa wakiigiza Julius Caesar ya Shakespeare. Mchezo huo huo Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963, akiwa Rais na nchi changa mikononi. Wapo hapa wazee walioigiza Brutus na Antonio shuleni kwa Kiswahili kile. Kwenye ile filamu mfungwa mmoja, onyesho likishaisha, anarudishwa selo, na anasema kwamba tangu alipoijua sanaa, chumba kile kimekuwa gereza kwake. Nikafikiria, gereza la Karanga liko kilomita chache tu kutoka hapa tulipo.

Makanisa ya hapa hayakuanza jana kwenye mambo ya habari. Miaka ya 60 studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi ilikuwa inatengeneza vipindi vya Kiswahili vinavyorushwa kutoka Addis Ababa. Wazee wale walijifunza kukata utepe kwa wembe, walijifunza kusikiliza. Redio tuliichukulia kama kazi ya ufundi. Filamu tumeichukulia kama mahubiri yenye picha. Sijui tulipotelea wapi hapo katikati, ila najua mimi mwenyewe nilipotelea wapi, na sasa nafika kwenye kosa langu.

Miaka michache iliyopita nilitengeneza filamu fupi, dakika 28. Ndugu wawili wamegombana juu ya mpaka wa kihamba, shamba lao la urithi. Mdogo alihamisha masale, mimea ya mpaka, usiku, hatua tatu tu, akala sehemu ya kaka yake. Miaka tisa hawasemeshani. Mama yao anafariki, wanazika kila mmoja amesimama upande wake wa kaburi. Mwishoni mdogo anakuja alfajiri kwa kaka yake na jani la isale mkononi.

Wachaga mlioko hapa sina haja ya kuwaeleza. Kwa wageni wetu: mtu aliyekukosea akikuletea isale, hukatai. Hata kama kosa lake ni kubwa namna gani. Isale ndilo mpaka wa shamba, na isale ndilo ombi la msamaha; mmea mmoja unafanya kazi zote mbili. Nilipokuwa ninaandika niliona ajabu hiyo nikasema, hapa kuna filamu.

Kaka mkubwa aliigizwa na mkulima wa kahawa wa Uru ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera. Nilimwelekeza kitu kimoja tu: umeshika panga, unakata majani ya ng'ombe, unamwona mdogo wako anakuja. Mengine nilimwachia. Tukapiga mara moja. Mdogo akafika, akanyoosha jani, hakusema neno. Mzee akatazama jani. Panga lilikuwa mkono wa kulia. Akalihamishia kushoto, ili apokee kwa kulia kama inavyopasa. Akanyoosha mkono, akausimamisha katikati. Akalitazama panga lililo kushoto. Akainama polepole, akaliegemeza kwenye shina la mgomba, akajifuta mikono yote miwili kwenye suruali, ndipo akapokea. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera na sikuona vizuri kwa machozi. Hayo ya panga sikumfundisha. Yalikuwa ndani yake.

Filamu ilikuwa imegharamiwa na kamati ya kanisa moja, sitalitaja. Waliitazama wakanyamaza. Kisha mmoja akasema jani ni mambo ya mila, liondolewe. Mwingine akasema aingie mchungaji na Biblia, ndugu wapige magoti, aombe, filamu iishe. Walikuwa watu wema, walilipa chakula cha kila mtu na kodi ya kamera, na mimi nilikuwa nawaheshimu. Nikafanya. Nikaita watu upya, nikapiga sehemu ya mchungaji mchana wa jua kali, nikakata alfajiri yote ikatoka. Hakuna aliyenishikia kisu. Mikono iliyokata ni hii.

Tuliionyesha mara moja. Watu walipiga makofi, kwaya ikaimba. Tulipokuwa tunakunja nyaya akanifuata mzee mmoja wa kanisa, amejitanda shuka la baridi, akaniuliza: "Binti, hawa ndugu walisameheana saa ngapi? Mimi nimemwona mchungaji tu." Sikuwa na jibu. Nilishika waya nikaendelea kukunja.

Nilipokuja kusoma vigezo vya jopo la kiekumene, pale penye kuheshimu utamaduni wa watu na pale penye majeraha na tumaini la mtu, nikamkumbuka mzee yule na nikakumbuka ile karatasi inayotolewa Cannes. Wakristo wageni kabisa, waliomwelewa imamu wa Timbuktu, wangelielewa jani la isale. Sisi tuliozaliwa kwenye migomba ndio tulioliogopa. Tuliona mila tukashindwa kuona kwamba mtu ameweka panga chini.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili na nitayasema bila kuzunguka.

La kwanza ni kwa viongozi wa makanisa mlioko hapa. Undeni jopo, hapa kwetu, la watu sita. Mlutheri, Mkatoliki, Mwanglikana, Mpentekoste, na wawili wanaojua kazi ya kamera na sauti. Watazame filamu fupi za vijana wa Kilimanjaro na Arusha kila mwaka, zote, mpaka mwisho, bila simu mkononi. Wabishane. Watoe cheti. Fedha si lazima, Cannes kwenyewe hawatoi. Kigezo cha kwanza kiwe ubora wa sanaa, na msikibadilishe hata mkibembelezwa. Kwenye tamasha la ZIFF Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, majaji wa SIGNIS wamekuwa wakikaa na kutoa tuzo, kwenye kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu, na filamu zinaonyeshwa usiku Ngome Kongwe chini ya nyota. Vijana wetu wapeleke kazi huko. Lakini asiyejifunza kutazamwa nyumbani, huko atakwenda na filamu inayoishia kwa mchungaji, kama ile yangu.

La pili ni kwenu vijana wenye kamera. Mnapiga harusi, mnapiga vipaimara, mnapiga misiba. Mnaingia kwenye nyumba za watu siku wanayolia na siku wanayocheka. Hata mchungaji haingii ndani kiasi hicho. Mmeona mambo. Msiyafute ili mweke mahubiri juu yake. Yaacheni yakae kwenye picha kama yalivyo, na myapige vizuri, na sauti iwe safi.

Nimesema mengi na umeme nao hauaminiki. Ile alfajiri sikuifuta. Ilikaa kwenye hadidiski ndani ya kabati langu, imefungwa kwenye khanga ya mama. Wiki iliyopita nimeirudisha mahali pake, na yule mzee wa Uru yuko hapa, safu ya nyuma, mwenye kofia. Shikamoo mzee. Hajawahi kujiona. Ni dakika nne na sekunde kumi. Naomba ndugu aliye karibu na swichi azime taa.